Mashine Nyepesi na Njia ya Baba

Sisi tunaoandika habari hizi ni ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Tulizaliwa katika kampi ya wafanyakazi wa reli, karibu na mto Lukuga, katika mji unaoitwa leo Kalemie. Wakati ule uliitwa Albertville. Mmoja wetu alifanya kazi ya ufundi wa mitambo ya mazutu mpaka alipostaafu. Mwingine alifundisha shule, naye ndiye anayeshika kalamu. Lakini maneno ni ya wote wawili, hata yale ya aibu.

Jioni vijana wa jirani huja kuketi nasi barazani. Swali lao ni lile lile: "Babu, mashine mpya za gari la moshi zitakuja lini?" Wao hudhani kwamba ugonjwa wote wa reli ni ukosefu wa mashine. Hatuwacheki, kwa maana sisi pia tulipokuwa watoto tulifikiri hivyo. Baba yetu ndiye aliyetufungua macho, na somo lile alililipia kwa mshahara wake mwenyewe.

Baba alikuwa kapita wa njia. Hakuendesha gari, wala hakuvaa kofia ya mashinisti. Kila asubuhi alitoka na watu wake wanane, begani ana ufunguo mrefu wa kukazia boloti, mkononi ana nyundo. Walitembea juu ya mataruma, wakigonga, wakisikiliza, wakikaza kilicholegea, wakishindilia mawe pale palipozama. Jioni walirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watoto wa mashinisti walitutania: "Baba yetu anavuta gari, baba yenu anapanga mawe." Maneno hayo yalituchoma, nasi hatukuwa na jibu.

Siku moja ikaletwa kwetu mashine ndogo ya mazutu. Kampi nzima ilikimbia kuitazama. Haikutoa cheche, haikunywa maji kwenye tangi, haikutaka kuni wala makaa ya mawe. Iling'aa kwa rangi mpya, nayo ilinguruma pole pole kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Mashinisti alituruhusu kuigusa. Tulisema moyoni: sasa taabu ya reli imekwisha.

Baba alifika wa mwisho. Hakutazama rangi wala chumba cha mashinisti. Alichuchumaa chini, akahesabu magurudumu. Kisha akauliza, "Ina uzito wa tani ngapi?"

Mashinisti akacheka. "Kapita, uliza nguvu yake, usiulize uzito!"

Baba akajibu, "Nguvu ni yako, bwana. Uzito ni wangu."

Watu walicheka, na sisi wanawe tulicheka pamoja nao. Tuliona kwamba baba yetu ni mtu wa zamani, asiyejua kufurahia kitu kipya. Ilipita miaka mingi mpaka yule wa ufundi alipoingia karakana na kusoma vitabu vya mitambo hii. Ndipo tulipotambua kwamba swali la baba lilikuwa lile lile lililoulizwa na wenye viwanda vikubwa vya ng'ambo.

Tueleze kidogo. Gari la moshi halikanyagi reli kwa uzito wake wote mahali pamoja. Uzito hupitia kwenye ekseli, yaani ule mtaimbo mnene unaounganisha gurudumu la kuume na la kushoto. Kwa hiyo mtu wa njia hatosheki kuuliza mashine nzima ina tani ngapi. Huuliza kila ekseli inabeba tani ngapi. Fikirini watu wanaobeba gogo la kuchonga mtumbwi, nao sharti wavuke kwenye ubao uliowekwa juu ya matope. Wakiwa wanne, ubao hupinda sana chini ya kila mguu. Wakiwa sita, gogo ni lile lile, lakini ubao hupumua.

Huko Marekani, njia zao kubwa zina reli nene na madaraja ya nguvu. Mashine zao za nyumbani zilitengenezwa kwa njia hizo. Kwa mfano, mashine iliyoitwa GP9, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1954, ilikuwa na nguvu ya farasi 1750 na uzito wa tani 117 hivi, juu ya ekseli nne tu. Gawanyeni wenyewe: kila ekseli ilikanyaga kwa tani 29 hivi. Mashine kama hiyo ukiipeleka kwenye reli nyembamba za nchi nyingine, itapinda reli na kuchosha madaraja kabla haijavuta hata behewa moja.

Nchi nyingi zilitaka kuacha mvuke, lakini hazikuwa na fedha za kung'oa njia zote na kuweka mpya. Basi wenye viwanda walikata shauri: njia ikiwa dhaifu, mashine sharti ijipunguze. Kampuni ya Electro-Motive, iliyokuwa tawi la General Motors, ilikuwa na kiwanda chake La Grange, karibu na mji wa Chicago. Ikaanza kutengeneza mashine za kuuzwa ng'ambo, zenye jina la herufi G. Namba iliyofuata ilikuwa hesabu ya silinda. G12 ya mwaka 1953 ilikuwa na silinda 12, na ndugu yake G8 alikuwa na silinda 8. Halafu mwaka 1960 ikatoka GL8. Herufi ile L ilikuwa alama ya wepesi. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa ya farasi 875, nusu tu ya ile GP9 ya nyumbani.

Wenzao wa General Electric, wenye kiwanda Erie, katika jimbo la Pennsylvania, walikuwa wameanza ukoo wao wa mashine za ng'ambo mwaka 1956. Waliuita Universal, maana yake za kufaa kila mahali. Ndiyo herufi U iliyo kwenye majina yake. Mashine za ukoo huo, za aina ya U20C, zilikuja kufanya kazi kwenye reli ya Benguela, ile njia ya Angola inayoshuka mpaka bandari ya Lobito, iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Katanga.

Mashine hizi zote hufanya kazi kwa namna moja. Mazutu hayazungushi magurudumu moja kwa moja. Injini huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Umeme hushuka kwenye mota zilizo chini, karibu na ekseli. Kwa sababu hiyo mwili wa juu ulikuwa wa namna moja, na miguu ya chini ilibadilishwa kwa kipimo cha njia ya mnunuzi. Reli za Ireland zimeachana milimita 1600, za Brazil nyingi ni mita moja, zetu za Katanga ni 1067. Tena katika zile GL8, kila silinda ilitolewa na pistoni yake na kuwekwa nyingine, bila kubomoa injini nzima. Fundi yeyote aliyewahi kulala chini ya mtambo usiku wa mvua ataelewa kwamba hiyo ni neema kubwa.

GL8 za Ireland zilikuwa na uzito wa tani 64 juu ya ekseli nne, yaani tani 16 kwa kila ekseli. Palipokuwa na njia dhaifu kuliko hiyo, GL8 hiyo hiyo ilifungiwa ekseli sita: tatu mbele, tatu nyuma, na ile ya katikati haikuwa na mota. Kazi yake ilikuwa kubeba tu. Waingereza nao walifanya vile vile kwa ajili ya jirani zetu. Mwaka 1960 kampuni ya English Electric ilipeleka Afrika Mashariki mashine zenye nguvu ya farasi 1840, kwa reli ya mita moja inayopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi na Kampala. Zilikuwa na ekseli nane. Sita zilivuta, na mbili, ya kwanza na ya mwisho, zilibeba tu.

Msidhani kwamba wepesi hauna gharama. Gurudumu la chuma hushika reli ya chuma kwa sababu ya uzito ulio juu yake. Mashine ikiwa nyepesi mno, na reli ikiwa na umande, magurudumu huzunguka bure kama mtu anayepanda kilima cha utelezi. Ndiyo maana hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Na kama mabehewa ni mengi, hufungwa mashine mbili pamoja, mashinisti mmoja akiziongoza zote. Kwa hiyo wepesi ni mapatano. Mashine husema: "Mimi nitakubali kuvuta kidogo, ili nisikuumize." Na njia nayo sharti itimize sehemu yake.

Tumetaja Ireland, tena tuna sababu. Mwaka 1960 askari wa nchi hiyo walikaa mjini kwetu, wakiwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Sisi watoto tuliwajua kwa ngozi zao zilizoungua na jua na kwa biskuti zao ngumu. Hatukujua kwamba wakati ule ule, nyumbani kwao, reli yao ilikuwa inangojea GL8 kumi na tano kutoka La Grange. Zilifika mwanzo wa mwaka 1961.

Reli ile ilikuwa imepata pigo. Kati ya mwaka 1955 na 1958 ilikuwa imenunua Uingereza mashine 94 za mazutu, na injini zake zilikuwa na taabu nyingi. Mashine za Marekani zilipoonekana kuwa na afya, mafundi walifungua macho. Hata hivyo nazo zilikuwa na kasoro: chumba cha mashinisti kilikuwa upande mmoja tu. Ilikuwa sharti kuigeuza mashine juu ya meza ya kugeuzia, kama zamani za mvuke, au kufunga mbili zikipeana mgongo. Mashine 37 zilizofuata mwaka 1962 zikaja na vyumba viwili, mbele na nyuma. Na tangu mwisho wa miaka ya 1960 zile 94 za zamani zilianza kutolewa injini zao na kuwekwa za General Motors. Katika GL8 zile kumi na tano, za mwisho zilipumzishwa mwaka 2008. Miaka arobaini na saba! Fundi hasomi hapo sifa za chuma tu. Husoma mikono mingi iliyopima oili kila asubuhi, na makapita wengi kama baba yetu, waliotembea na nyundo katika mvua ya kwao.

Sasa tuje kwenye aibu yetu.

Mwaka ule ilipofika mashine ndogo kwetu, mmoja wetu alikuwa na miaka kumi na miwili, mwingine kumi. Tulitamani mpira wa ngozi. Ng'ambo ya mto alikuwako mhunzi aliyenunua vyuma kwa siri, akafua visu na majembe. Siku moja tukachukua ufunguo wa baba, tukaenda mpaka kwenye kona iliyo karibu na daraja, tukafungua boloti nne. Tulisema: njia ina boloti maelfu, nne nani ataziona? Mhunzi akatupa falanga, tukazificha chini ya mkeka.

Jioni baba akasema wakati wa kula, "Kesho ile mashine itavuta mabehewa ya watu, mara ya kwanza kwenye kipande changu. Mama yenu mdogo yumo, anakuja na mtoto wake."

Mikono yetu ikasimama juu ya bugali. Mama aliona. Baba alipolala, alituita jikoni, akatuuliza mara moja tu. Tukamwambia yote, tukilia. Hakutupiga. Alisema, "Mimi sitamwambia. Nendeni mkamwamshe ninyi wenyewe."

Tuliona afadhali kupigwa mara mia kuliko kumwamsha. Tukamwamsha. Baba alisikiliza akiwa ameketi juu ya kitanda, kisha akauliza neno moja: "Wapi?" Tukataja kona na daraja. Akawasha taa, akachukua ufunguo na boloti nne za akiba, akatupa sisi nyundo tuibebe. Tulitembea usiku wote ulibaki, bila neno. Tulipofika alituonyesha reli jinsi ilivyokuwa imesogea kidogo, upana wa kidole. Mashine ile nyepesi ilikuwa imepita pale mara moja jana jioni.

Aliirudisha reli kwa mtaimbo, akafunga boloti tatu. Ya nne alituachia sisi. Tulikaza mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha akatusimamisha pembeni, mbali kidogo, tukangoja.

Kulipopambazuka tukasikia mngurumo. Baba akasema, "Msitazame mashine. Tazameni reli."

Tukatazama. Chini ya kila ekseli reli ilizama na kuinuka, kama godoro la nyasi mtu anapolikanyaga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Hatukuwahi kuona jambo hilo, ingawa tulikuwa tumekulia kando ya reli. Kisha yakapita mabehewa. Mama mdogo alikuwa dirishani na mtoto wake. Alitutambua, akapunga mkono akicheka. Hakujua kitu, wala hatukumwambia mpaka alipokufa.

Asubuhi ile ile baba alikwenda ofisini kueleza kwamba boloti nne za akiba zimetumika. Walimuuliza zile za kwanza zimekwenda wapi. Akasema, "Zimeibwa kwenye kipande changu." Hakutaja jina. Mkubwa wake akamkata nusu ya mshahara wa mwezi kwa ulinzi mbaya. Mwezi ule tulikula bugali na majani, bila samaki. Mama alipakua, baba alikula, hakuna aliyesema kwa nini. Falanga za mhunzi tulimpa baba; akatuma turudishe vyuma vyetu. Mhunzi alikuwa amekwisha kufua vitatu. Boloti moja ndiyo iliyorudi. Iko katika sanduku la vyombo la yule wa ufundi mpaka sasa.

Tangu siku ile hatukumcheka tena baba. Hata watoto wa mashinisti walipotutania, tulikuwa na jibu, ila hatukulisema.

Mmoja wetu alipokuwa karakana, mara nyingi aliona mashine ikiletwa na springi zilizovunjika. Mafundi walifunga mpya, wakaiachilia. Baada ya majuma machache ikarudi na ugonjwa ule ule. Ugonjwa ulikuwa njiani, lakini dawa ilitiwa mashineni. Safari nyingine mashine nzima ililala miezi mitano kwa kukosa kipande kidogo kutoka ng'ambo, na mahindi ya wakulima yakaoza kwenye stesheni. Nani alaumiwe? Mwenye kutengeneza mashine alifanya kazi yake: aliipunguza uzito, akaigawa kwa ekseli, akarahisisha injini. Hakuweza kututengenezea pia moyo wa kutunza. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Leo njia zetu nyingi zimechoka. Mwezi wa Septemba 2019 gari la moshi lilianguka Mayibaridi, katika jimbo letu la Tanganyika, na watu wengi walipoteza maisha. Sisi hatukuwako, wala hatujui kuhukumu sababu ya ajali ile. Lakini siku tuliposikia habari, hakuna aliyelala nyumbani kwetu. Tulikuwa tunafikiri juu ya kona iliyo karibu na daraja, na upana wa kidole.

Kwa hiyo vijana wanapouliza mashine mpya zitakuja lini, sisi huwajibu kwa swali. Mmeona mtu akibeba chuma cha reli usiku? Mmenunua kisu cha bei rahisi bila kuuliza chuma chake kimetoka wapi? Je, mnamjua kapita wa njia wa hapa kwetu, na mshahara wake anaupata? Mashine nzuri zaweza kuja, nyepesi na za nguvu kuliko zile za utoto wetu. Tunaziombea zije. Lakini hata iliyo nyepesi kuliko zote itakanyaga, ekseli kwa ekseli, juu ya boloti ambazo mtu amezikaza au mtu ameziiba.

Baba alifariki akiwa mzee sana. Miaka yake ya mwisho hakuona vizuri, lakini gari lilipopita alinyamaza na kuinua kidole. Tulijua anahesabu. Likiisha kupita lote, alishusha mkono na kusema, "Haya, limepita." Kisha ndipo alipoendelea na mazungumzo.